Jina Halikutajwa

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani na hotuba ndefu. Kitenge nimekishona, saa inakwenda, hotuba nimeisahau. Baadaye Neema, mdogo kuliko wote idarani, akaja nyumbani kuniomba niwaandikie vijana jinsi nilivyoingia katika kazi hii ya kukaa na watu waliolemewa. "Mambo ya kujenga, mama," akasema. Nimekubali kuandika, lakini ya kujenga tu msiyategemee. Nimestaafu na hasira yangu, na hasira yenyewe ni kubwa kwa umri kuliko baadhi yenu. Kuhusu vyeo sitasema kitu, maana habari yake ni fupi: sikupata. Kwa nini sikupata, ndiyo haya.

Mimi ni mtu wa Kibakwe. Nilisomea uuguzi, nikapangiwa wodi ya wagonjwa wa akili pale Dodoma mjini. Siku ya kwanza nilifika na gauni limenyooshwa mpaka linakata, na kichwani nina maswali yote niliyofundishwa. Nikamkuta mwanamume amekaa ameelekea ukutani, nikamsimamia nikaanza: unajisikiaje, unalala, unakula? Nikavutwa mkono kwa nyuma. Alikuwa Sista Loisi, mkuu wa wodi, mama mfupi wa Kigogo mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"We binti, unamhoji mtu umesimama kama mgambo wa kodi? Kiti kwanza, swali baadaye."

Akaleta vigoda viwili. Kimoja changu, kimoja chake. Tukakaa na yule bwana, naye akaendelea kuutazama ukuta wake, nasi tukautazama. Nilidhani naadhibiwa. Kesho yake tukakaa tena, na keshokutwa, mpaka siku moja yule bwana akageuka, akatukagua juu mpaka chini, akauliza, "Nyie hamna kazi?" Sista Loisi akaninong'oneza kwamba sasa ameanza kupona. Vigoda vile ndivyo kifaa changu cha kwanza cha kazi, na sijapata kuona kingine kinachovishinda.

Alinifundisha na jambo la pili. Tulikuwa kwenye korido, nami namsimulia mwenzangu alichoniambia mgonjwa fulani, kwa nia njema kabisa. Sista Loisi akapita akasema bila kusimama: "Alichokwambia mtu mmekaa, usikiseme umesimama." Tangu siku hiyo korido ile niliipita mdomo umefungwa.

Ikaja miaka ya soko huria. Mliokuwa hamjazaliwa mmesomeshwa kwamba maduka yalijaa sabuni na mitumba, na ni kweli, yalijaa. Wodi nazo zilijaa. Mashirika yalipunguza watu, na waliopunguzwa wakaanza kuletwa kwetu: karani wa ghala asiyelala, dereva anayeamka kila alfajiri kuvaa sare ya kazi isiyokuwepo, fundi anayelia akisikia king'ora. Hawakuwa vichaa. Walikuwa wameambiwa kwa barua kwamba hawahitajiki tena. Sindano tulizokuwa nazo hazikutibu ugonjwa huo, ndiyo maana niliposikia chuo kimoja pale mjini kimeanzisha mafunzo ya uzamili ya ushauri nasaha, na kwamba wauguzi wazoefu tunaruhusiwa kuingia kwa mtihani, nilifurahi kama mtoto wa Idi. Nikafanya mtihani, nikaingia.

Chuo sikitaji. Walioko leo si wale wa wakati ule. Na mkufunzi wetu mkuu, tuliyemwita Dakta, jina lake halitatajwa. Yeye mwenyewe aliamini kwamba hilo linatosha.

Nisiwe mchoyo wa haki: kuna mengi mazuri nilijifunza. Nilijifunza kunyamaza kwa makusudi, si kwa kukosa la kusema. Nilijifunza kuuliza swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana. Lakini kulikuwa na upuuzi wake pia. Tuliambiwa anayekuja kwetu aitwe mteja. Miaka ile kila mtu alikuwa mteja: wa mitumba, wa basi, wa duka la dawa, na sasa na anayelia akawa mteja. Sista Loisi, aliyekuwa karibu kustaafu, nilipomwambia alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi mfungulieni na genge," akasema.

Kilichokuja kunichoma ni kanda. Kila mwanafunzi alitakiwa kurekodi mazungumzo yake na watu wanaokuja kwa shida zao, kwa redio kaseti, na kuziwasilisha kanda zile kwa msimamizi wake azisikilize na kutoa maksi. Bila kanda, hakuna cheti. Sharti la siri lilikuwa moja: jina la mteja lisitajwe popote. Wakati huohuo salamu zilikuwa na maksi zake, eti ndipo ukaribu unapojengwa, hivyo zisikatwe.

Sasa ninyi mnakujua kusalimiana kwetu. Mtu hakai akaanza na shida. Umeamkaje, nyumbani wazima, watoto, wakwe, kwenu huko mvua imeshuka, mtama umeshika, na yule mgonjwa wenu je? Kabla chai haijapoa nimejua mtu katoka kijiji gani, kaolewa na nani, na ng'ombe wa baba mkwe wana ugonjwa gani. Jina ndicho kitu cha mwisho kujulikana, na wengine tunaishi nao miaka tukiwaita mama fulani tu. Dakta alikuwa amesomea mbali, mahali ambapo naambiwa mtu anaweza kukaa ukuta kwa ukuta na mwenzake asiijue sauti yake. Sharti la huko akalileta lilivyo, likiwa bado limekunjwa.

Nilinyoosha mkono darasani. Nikasema, "Dakta, hapa watu tunajuana kwa sauti. Ukikohoa sokoni, mtu wa upande wa pili anakuitikia."

"Sista," akasema, mpole kabisa, "hilo limeshafanyiwa kazi na wataalamu. Jina lisipotajwa, mtu hayupo."

"Na nani atasikiliza?"

"Msimamizi wako. Peke yake."

Alisema hivyo mbele ya darasa zima.

Hapo ndipo anapoingia mwanamke nitakayemwita Mama Mariamu, kwa kuwa mjini kwetu kina Mama Mariamu hawana idadi. Ruhusa ya kuandika haya nimemwomba. Akasema niandike, ila asome kwanza. Amesoma. Mahali pawili amenifutia maneno, na mahali pamoja ameniambia niongeze ukali.

Yeye ni Mrangi wa Kondoa, aliyeolewa katika familia ya Waislamu wa mjini, watu wa biashara tangu enzi za misafara. Mumewe hakupenda duka, alipenda reli. Alikuwa fundi wa njia, kituo chake Gulwe, na huko ndiko walikozalia watoto wao watatu. Alipopunguzwa kazini wakarudi kukaa kwenye nyumba ya wakwe, Zuzu, karibu na reli ileile. Haukupita muda mrefu, mume akafa kwenye njia ya treni. Familia ikasema ajali, akazikwa, hitima ikasomwa. Mjane akakaa eda, akatoka eda, na kichwa kikaanza kumuuma kisisikie dawa. Hospitali ikamleta kwangu, kwenye chumba cha mazoezi cha chuo.

Nilikuwa nimevipeleka vigoda vyangu. Tulipokaa, akaiona mashine.

"Hicho kinasikia?"

"Kinasikia, dada."

"Atasikia nani mwingine?"

"Mtu mmoja. Mwalimu wangu."

"Mmoja?"

"Mmoja."

"Haya. Washa."

Nikawasha, nikamsalimu upya kwa ajili ya zile maksi. Umeamkaje, dada? Akajibu kama anavyojibu siku zote, kwa sauti yake nzito inayoburuta mwishoni: "Alhamdulillahi, tumeamka. Na kuamka nako ni kazi." Tukapita kwa watoto, kwa wakwe, kwa mvua ya Kondoa. Halafu akanyamaza, nami nikanyamaza, na kanda ikazunguka. Ndipo akasema.

"Dada, mume wangu alijua saa za treni kuliko saa za kula. Reli ikitetema tu anakwambia hii ya mizigo, hii ya abiria. Mtu kama huyo hagongwi." Akakunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua. "Hakugongwa, dada. Alikwenda."

Kisha nikamuuliza amekibeba na nani kitu hiki.

"Na nani tena? Asubuhi ile nilimwambia atoke akatafute kibarua. Maneno ya kila mke. Wakwe wakijua alikwenda mwenyewe, watasema mimi ndiye niliyemsukuma. Wataniondolea watoto."

Akalia. Alipomaliza akaniambia kichwa kimepungua, kama mtu aliyetua kuni. Nikafunga mashine, nikaipeleka kanda kwa Dakta, mkononi mwake, nikamwambia ni ya yeye peke yake. Akaitikia.

Baada ya majuma machache Dakta aliingia darasani na redio kaseti mkononi, uso umechangamka. Akasema leo tutasikiliza mfano bora wa mwaka. Akabonyeza. Nikasikia kikohozi changu.

Nilisimama. "Dakta, hiyo kanda ni yangu. Izime."

"Hongera, Sista! Msiwe na haya mkifanya vizuri."

"Nimesema zima."

Darasa likacheka, wakidhani naona aibu. Nikaenda nikachomoa waya ukutani. Mashine ikaendelea kusema. Ilikuwa na betri. Nikarukia kitufe, Dakta akaiinua juu kama anayemnyima mtoto pipi, na huko juu sauti ya Mama Mariamu ikasema tumeamka, na kuamka nako ni kazi.

Katika safu ya tatu alikuwapo Rehema, afisa maendeleo ya jamii, mwanafunzi mwenzetu. Nilimjua kwa upole wake na kwa kutuletea karanga. Sikujua ni wa familia gani. Aliposikia salamu ile aliinua kichwa. Yalipofika maneno ya treni akaweka kalamu mezani, na sauti iliposema "alikwenda," akatoka nje bila kuchukua mkoba. Marehemu alikuwa kaka yake. Waliobaki waliendelea kuandika, maana Dakta alikuwa ameshauliza ni mbinu gani imetumika hapo.

Wahenga walikataza kumwaga mtama penye kuku wengi. Chuo kilimwaga, kikatoa na maksi.

Wiki ileile ukoo ulikaa kikao Zuzu. Mama Mariamu aliitwa muuaji, akatolewa nyumbani na nguo zake kwenye shuka, watoto wakabakizwa. Alikuja wodini kwangu asubuhi, akasimama mlangoni. Nikamvutia kigoda. Hakukaa.

"Uliniambia mmoja," akasema.

Akaondoka. Nimesikia mengi katika kazi hii, nimetukanwa na kutemewa mate, lakini maneno yaliyobaki mwilini ni hayo mawili. Na nilikuwa nimemwambia ukweli kama nilivyopewa na mtu aliyekuwa na uwezo wa kuufanya uwe kweli.

Nikapeleka malalamiko. Wakaunda kamati, chai ikaletwa na maandazi. Dakta alijitetea kwa maneno mawili: jina halikutajwa. Mwenyekiti akageuka kwa makamu, makamu akageuka kwa katibu, na kila mmoja akayarudia maneno hayo kama waumini wanaoitikia dua. Nikawauliza: yule mama analala wapi leo? Wakasema hilo si suala lililo mbele ya kamati. Wakamwita Rehema, wakamuuliza alimtambuaje mteja.

"Ni wifi yangu," Rehema akasema. "Nilitakiwa nizibe masikio?" Akaangalia meza. "Na mimi nilikuwa sijui kaka alikufaje. Nimeambiwa na redio, watu wakiandika."

Mpaka leo baadhi yenu mnamlaumu Rehema mkisikia kisa hiki. Mwacheni. Yeye naye walimchana kwa kisu hichohicho.

Hatimaye wakanipa karatasi ya kutia saini kwamba taratibu zilifuatwa, nami nikabidhi kanda zangu zilizobaki ili nihitimu na wenzangu. Kanda ya Mama Mariamu, wakasema, sitarudishiwa, ni mali ya chuo. Nilicheka, na si kicheko kizuri. Nikazichukua kanda zangu zote zilizobaki, sauti za watu walioniamini, nikaenda nazo nyumbani kwa Sista Loisi, aliyekuwa ameshastaafu. Tukakaa uani kwake tukivuta zile tepu za kahawia mpaka zikawa rundo, akaleta mabua ya mtama na kibiriti. Moshi ulikuwa mweusi na unanuka vibaya.

"Moto huu usipikie," Sista Loisi akasema. Ndiyo pekee aliyosema kuhusu cheti changu.

Watoto hawakurudi kwa hukumu ya kamati yoyote. Tulikwenda Zuzu, mimi na Sista Loisi, mara nyingi, tukakalishwa juani, tukanyimwa maji, tukarudi tena. Mwishowe Rehema mwenyewe alimshika mkono Mariamu, yule mdogo kabisa, akampeleka kwa mama yake mbele ya kaka zake wote wakubwa, akawaambia anayetaka kumzuia amzuie. Hakuna aliyemzuia. Wale wakubwa wawili walirudi walipopata akili ya kuuliza mama yuko wapi. Mama Mariamu akaanza kuuza nafaka sokoni, na baada ya miaka, siku moja, akaja wodini akakaa kwenye kigoda. Sikumuuliza kwa nini leo.

Nami nikaendelea na kazi, bila cheti, chini ya wenye cheti. Walikuja wengi. Baadhi walikuwa wazuri sana, baadhi walihitaji kuonyeshwa kiti ni cha nini. Hilo nililipokea. Nilijua nimelipia nini.

Mpaka Neema alipoletwa kwetu, moja kwa moja kutoka chuo kilekile. Siku zake za mwanzo tulikuwa tunakunywa chai, naye anasifia walimu wake, kama inavyompasa mtoto aliyefundishwa. Akasema, "Mama, kuna kanda moja tulisikilizishwa, nzuri mno, watu walilia. Mama mmoja anasema mumewe alijua saa za treni kuliko saa za kula."

Nikaweka kikombe chini.

"Ni ya zamani, lakini sasa wameiweka kwenye kompyuta. Kila mwaka inasikilizishwa." Akaona uso wangu. "Mama, nimesema nini?"

Neema, najua utasoma hapa. Usilie tena, hukujua. Lakini ninyi wengine nawataka muone: watoto wake wamekua, wameoa na kuolewa, dunia imezunguka, na kila mwaka katika chumba chenye feni wanafunzi wapya walikuwa wanakaa kumsikiliza akimwambia mtu mmoja.

Nilikwenda sokoni kumweleza. Alikuwa anapepeta choroko. Aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza, akaweka ungo chini.

"Nipeleke," akasema.

Nianze na mwisho, msije mkahangaika: kanda yenyewe tulirudi nayo, na iliyokuwa kwenye kompyuta ilifutwa tukiangalia, na mkuu wa chuo wa sasa, kijana mstaarabu, aliomba radhi. Haikuchukua muda. Iliyochukua muda ni miaka ile mingine yote. Ila ninachotaka mkijue ni kilichotokea tulipoingia, kabla mkuu hajaitwa.

Mapokezi palikuwa na karani, na mkufunzi mmoja kijana anayesubiri funguo. Mimi nilikuwa nimejiandaa njia nzima: nimepanga maneno ya kuanzia, ya katikati na ya kumalizia, yote ya moto. Nikafungua mdomo. Mama Mariamu akanigusa mkono, akapita mbele.

"Shikamoo, mama," kijana akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Mmeamkaje?"

"Alhamdulillahi, tumeamka. Na kuamka nako ni kazi."

Kijana alimtazama. Karani aliacha kuandika. Wakatazamana wao kwa wao, na yule kijana akasogea hatua, uso umemfunguka kama mtu aliyekutana na ndugu asiyemtarajia.

"Mama," akasema, "wewe si ndiye yule wa treni?"

Mama Mariamu akavuta kiti, akakaa, akatandaza mtandio wake magotini.

"Jina sijalitaja," akasema. "Umenijuaje?"